Treni haipiti tena, daraja lingali limesimama: maswali ya wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia madaraja marefu ya reli yaliyostaafishwa, barua zikamiminika. Nyingi zinauliza habari za bustani, viti na taa za usiku. Majibu yetu, mtatusamehe, yatarudi mara kwa mara kwenye maji ya mvua.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi ujenzi. Viadakti ni nini hasa, na kwa nini wajenzi wa reli hawakujaza tu kifusi bondeni wakapitisha njia juu yake?

Viadakti ni daraja refu lenye vipenyo (nafasi kati ya nguzo na nguzo) vingi mfululizo, linalovusha njia juu ya bonde zima au juu ya mitaa ya mji. Daraja la kawaida linavuka kitu kimoja, mto au barabara, basi.

Sababu ya kuyajenga ni kwamba treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki sana, na njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 50 injini ya mvuke yenye mzigo huanza kuhema. Kwa hiyo njia ilipaswa kwenda karibu tambarare hata ardhi ikiporomoka chini yake. Kifusi walijaza, tena sana, ila kina mwisho wake. Chukua tuta la kimo cha mita 20, juu lina upana wa mita 8, na kila ubavu unateremka mita 1 kwa kila mita 2 za ulalo. Chini litakuwa na upana wa mita 88. Ardhi yote hiyo inunuliwe, udongo wote huo usombwe, na katikati ya mji haiwezekani kabisa. Reli ya London na Greenwich, iliyoanza safari mwaka 1836, iliruka tatizo hilo kwa matao 878 ya matofali, moja baada ya jingine.

Tao lenyewe halina gundi ya ajabu. Mafundi walisimamisha kiunzi cha mbao chenye umbo la tao, wakapanga mawe kutoka pande zote mbili hadi yakakutana kileleni kwenye jiwe la kufungia, kisha wakashusha kiunzi taratibu. Kuanzia hapo uzito wenyewe unayabana mawe yasidondoke. Lakini tao lina tabia moja: linasukuma kwa pembeni. Katika daraja la matao mengi, tao la kushoto linasukumwa na la kulia na nguvu zinakatana juu ya nguzo, ndiyo maana nguzo zenyewe zinaweza kuwa nyembamba. Ukiondoa tao moja, jirani yake anasukuma hewa. Wajenzi wa Ribblehead huko Uingereza, daraja la matao 24, walijua hilo wakaifanya kila nguzo ya sita kuwa nene kuliko wenzake, ili tao likianguka msiba uishie hapo. Lishike hilo, linarudi hapa chini.

Swali: Mimi ni diwani. Daraja letu lilibeba treni za mamia ya tani. Mhandisi anasumbua eti tupime uzito wa bustani. Maua na watu watafika wapi mbele ya treni?

Watu hawafiki. Udongo unafika.

Umati uliosongamana bega kwa bega hukadiriwa kuwa kilo 500 kwa mita ya mraba. Njia ya upana wa mita 4 ikijaa hivyo ni tani 2 kwa kila mita ya urefu wa daraja. Mzigo wa treni unaotumika kusanifu madaraja mapya ya reli Ulaya ni tani 8 kwa kila mita ya njia moja, na penye sehemu nzito zaidi ekseli 4 za tani 25 kila moja, zilizoachana mita 1.6. Hadi hapo umeshinda, mheshimiwa.

Sasa mwaga udongo. Udongo ulioshiba maji hukaribia tani 2 kwa mita ya ujazo. Daraja la upana wa mita 8, udongo wa kina cha nusu mita: tani 8 kwa kila mita. Ni treni nzima, na hii haipiti ikaenda zake, imeegesha juu ya daraja usiku na mchana kwa miaka 50. Hujaweka bado mti wala chungu cha zege, wala ile chemchemi ambayo kila kamati huiota.

Unaweza kutoa kokoto kwanza, na hiyo ni nafuu halali: kokoto ya reli ina tani 1.6 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ukitoa kina cha sentimita 40 na kurudisha udongo wa sentimita 30 hujaongeza kitu. Daraja la mawe halilalamiki sana kwa uzito uliotandazwa sawasawa, maana uzito huo unalibana zaidi. Linalalamika uzito ukirundikwa upande mmoja, hasa kwenye robo ya kipenyo, yaani katikati ya nguzo na kilele. Hapo tao hujikunja kama upinde uliokanyagwa vibaya. Kwa hiyo miti iwekwe juu ya nguzo, si robo ya tao. Daraja la vyuma ni kesi nyingine: kila kilo inahesabiwa, na mhandisi wako ana haki ya kusumbua.

Swali: Reli na mataruma yameshaondolewa. Mkandarasi anataka kumwaga zege juu ya kokoto iliyobaki kisha lami, tufungue njia ya baiskeli mapema. Kuna ubaya gani?

Kabla ya kujibu, shuka chini ya daraja siku moja baada ya mvua. Ukiona michirizi meupe kwenye tumbo la tao, na vijiti vyeupe vinavyoning'inia kama vya pangoni, hiyo ni chokaa. Maji yanaingia juu, yanayeyusha chokaa katika viungo vya mawe na kutoka nayo chini. Daraja linafuliwa kutoka ndani. Zege la mkandarasi litaficha mdomo wa jeraha tu.

Treni, ilipokuwepo, ilikuwa na gengi la njia lililozibua mifereji. Treni ikiondoka gengi nalo linaondoka, majani yanaoza juu ya kokoto, bomba linaziba. Tundu la bomba la kushushia maji lina kipenyo cha sentimita 15 hivi. Kiota kimoja cha njiwa kinalitosha. Maji yakikosa njia yake hujaa katika kifusi kilicho kati ya kuta mbili za ubavuni, na kifusi chenye maji husukuma kuta nje. Weka jicho lako sambamba na ukuta wa kinga, utazame urefu wake wote: ukiona umevimba, umeshapata jibu.

Kazi sahihi inakwenda hivi. Kwanza, toa kokoto na kifusi cha juu, lakini si kwa kuanzia mwisho mmoja na kwenda zako. Tao linafunguliwa kuanzia kileleni kushuka pande zote mbili kwa pamoja, tabaka la sentimita 30 kwa wakati, na matao jirani yaende sambamba. Hapa ndipo habari ya nguzo nyembamba inaporudi: tingatinga likimaliza tao moja huku jirani yake bado amejaa, msukumo wa pembeni hauko sawa tena. Wakati wa kurudisha kifusi, utaratibu ni uleule kinyumenyume, kutoka makalioni mwa tao, yaani pembeni karibu na nguzo, kupanda kileleni.

Ukifika kwenye mgongo wa tao, fagia na ukague. Tao la matofali huwa na tabaka kadhaa, moja juu ya jingine, na tabaka hizo huachana. Gonga kwa nyundo kutoka chini: penye afya nyundo inaruka na sauti ni kavu, palipoachana sauti ni nzito, kama ya mtungi. Chora mipaka kwa chaki kabla hujasahau. Mpasuko unaofuata urefu wa daraja, karibu na ukingo, mara nyingi ni ukuta wa ubavuni unaotaka kuondoka na kipande cha tao. Huo hufungwa kwa fito za chuma kisicho na kutu zinazopita upande hadi upande. Tao lililochoka hutandikwa mgongoni bamba la zege lenye nondo, unene wa milimita 150 hadi 200, kama tandiko la punda.

Viungo vilivyokwisha jazia upya kwa mota ya chokaa. Tunajua fundi atakwambia saruji ni ngumu zaidi. Ni kweli, na ndiyo kasoro yake. Mota ngumu kuliko tofali hailegei daraja linapopanuka na kusinyaa, wala haipitishi unyevu. Unyevu unatafuta njia kupitia tofali lenyewe, na baada ya misimu kadhaa uso wa tofali unabanduka huku mota ya saruji imebaki imechomoza kama mbavu.

Kisha ndipo maji. Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye matundu ya mabomba. Tandaza utando wa kuzuia maji, uupandishe ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa njia utakavyokuwa mwisho, na uuingize katika mfereji uliochongwa ukutani. Ukiishia usawa wa sakafu maji yatapita nyuma yake. Ziba matundu, jaza maji ya kina cha sentimita 5, yaache saa 24, na mtu akae chini na tochi. Hiki ndicho kipimo ambacho wakandarasi hukiruka, kwa sababu ndicho kinachowafelisha. Kikifaulu weka tabaka la kulinda utando, kokoto ya kuchuja, kitambaa cha kuzuia udongo usiingie katika kokoto, halafu ndipo uso wa njia. Kila bomba liwe na kizibo kinachofunguka ili liweze kuzibuliwa kwa fimbo kutoka juu.

Neno juu ya mataruma ya mbao mliyotoa: yamelowekwa kriosoti, dawa ya mbao yenye sumu. Msiyafanye viti wala masanduku ya mboga, na msiyachome.

Ribblehead lililotajwa hapo juu lilikaribia kufungwa katika miaka ya 1980, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama ya kulitengeneza. Maji yalikuwa yanapenya kutoka juu hadi kwenye matao. Mwaka 1989 uamuzi wa kufunga njia ulikataliwa, daraja likawekewa utando mpya wa kuzuia maji, matao yakatengenezwa, na treni zinapita hadi leo.

Swali: Mimi seremala. Nimepangishwa tao moja chini ya daraja la zamani liwe karakana. Mbao zangu zinanyeshewa ndani! Nilipaka rangi ya kuzuia maji dari yote, ikabanduka.

Pole, fundi. Rangi ya ndani haiwezi kushindana na maji yanayosukuma kutoka nyuma yake. Wewe huna ruhusa ya kugusa juu ya daraja, kwa hiyo usiyazuie maji, yapokee.

Simamisha fremu nyepesi ya chuma inayofuata umbo la tao, isimame sakafuni kwa miguu yake. Acha nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati yake na matofali, kisha funika kwa mabati ya migongo, migongo ikienda na mkunjo wa tao. Matone yanaanguka juu ya bati, yanateremka pande zote mbili hadi kwenye mfereji wa chini, yanatoka nje. Nafasi iachwe wazi juu na chini hewa ipite, la sivyo bati litatoa jasho. Yafunge kwa skrubu, usiyachomelee, kwa kuwa mwenye daraja atataka kuyatoa kila anapokuja kukagua tao, na ana haki.

Usitoboe kileleni. Ukilazimika kutoboa mahali, toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo, na kwa ruhusa ya maandishi. Winchi ya kuinulia mbao isining'inizwe kwenye tao, bali kwenye fremu yake yenyewe.

Si wewe wa kwanza. Waliojenga yale matao 878 ya Greenwich walikuwa na wazo la kuyapangisha kama makazi. Karakana, stoo na mazizi ndivyo vilivyoyajaza. Biashara hiyo si ndogo: mwaka 2019 shirika la reli la Uingereza, Network Rail, liliuza upangishaji wa mali zipatazo 5,200, nyingi zikiwa matao, kwa pauni bilioni 1.46.

Swali: Daraja la vyuma la karne ya 19, limefungwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa vichwa. Baadhi ya bamba zimevimba. Nichomelee vipande vipya?

Subiri kwanza ujue ni chuma gani. Madaraja mengi ya kabla ya miaka ya 1890 ni ya chuma cha kufuliwa, siyo chuma cha pua (steel). Ndani yake kuna nyuzinyuzi za taka ya tanuri, kama nyuzi za mbao. Kipande chake kikikatwa na kutiwa tindikali kidogo, nyuzi zinajitokeza. Ukichomelea, moto unatenganisha tabaka hizo, na kiungo kinaonekana kizuri juu huku ndani kimeachia. Tumia bolti za nguvu katika matundu ya ribiti za zamani. Uvimbe uliouona ni kutu iliyoota kati ya bamba mbili. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichooza, na ina nguvu ya kukunja bamba na kukata kichwa cha ribiti. Ukiipaka rangi juu juu unaifungia ndani na unyevu wake.

Rangi ya zamani ihesabu kuwa ina risasi hadi maabara iseme vinginevyo. Maana yake hakuna kukwangua wala kupiga mchanga hewani. Eneo linafunikwa kwa turubai na hewa inavutwa ndani kupitia vichujio. Mafundi wanavaa vifaa vya kupumulia na kupimwa damu, na vumbi linaondoka kama taka ya sumu. Mara nyingi hii ndiyo sehemu ghali kuliko zote za mradi, na ndiyo inayosahauliwa kwenye bajeti.

Angalia pia viegemeo, zile sehemu ambapo mhimili unakaa juu ya nguzo. Mita 100 za chuma hurefuka sentimita 4.8 joto likipanda nyuzi 40. Kiegemeo kilichoganda kwa kutu hakiachii mwendo huo, kwa hiyo unalipwa na kichwa cha nguzo, kwa nyufa.

Bennerley, kati ya Awsworth na Ilkeston huko Uingereza, ni daraja la namna hiyo. Lilifunguliwa mwaka 1878, lina urefu wa mita 443, na liliundwa kwa chuma cha kufuliwa kwa sababu ardhi ya pale imetobolewa na migodi ya makaa. Matao ya matofali yangekuwa mazito na yangepasuka ardhi ikititia. Treni zilikoma mwaka 1968. Lilinusurika kwa sababu ileile inayokutesa wewe: chuma chake hakikatiki kwa gesi kirahisi, kulibomoa kungemaanisha kulifungua kipande kwa kipande, na hesabu haikulipa. Tangu Januari 2022 wapita kwa miguu na baiskeli wanalivuka.

Swali: Upepo unaweza kuangusha daraja lisilobeba kitu?

Ndiyo. Kinzua, daraja la reli huko Pennsylvania, Marekani, lilijengwa mwaka 1882, likajengwa upya kwa chuma cha pua mwaka 1900, urefu wa mita 625. Julai 2003 kimbunga kiliangusha minara 11 kati ya 20 iliyolibeba. Minara haikuvunjika kiuno, iling'oka miguu. Katika ujenzi wa 1900 bolti za kuishikilia chini zilikuwa zilezile za 1882, zikarefushwa kwa vishikizo vilivyokuja kuliwa na kutu. Treni nzito ingalikuwepo juu ingekandamiza chini. Daraja tupu lina eneo lilelile la kupigwa na upepo lakini uzito pungufu. Kwa hiyo kagua miguu kabla ya mabega: chimba kuzunguka bolti, gonga, pima unene uliobaki. Minara 6 ya Kinzua ilitengenezwa, na tangu 2011 watu wanatembea juu yake hadi kwenye ukingo, wanachungulia mabaki bondeni.

Swali: Nani alianza mtindo huu wa bustani angani, New York?

Paris. Njia ya Bastille ilifunguliwa mwaka 1859, ikafungwa Desemba 1969, na bustani ya juu ikafunguliwa mwaka 1993. High Line, reli ya juu ya nguzo huko New York, ilianza kubeba mizigo mwaka 1934, treni ya mwisho ikapita 1980, majirani wakaanzisha chama cha kuitetea mwaka 1999, na kipande cha kwanza kikafunguliwa Juni 2009. Vingine vikafuata 2011 na 2014, jumla kilomita 2.3 hivi.

Ukituuliza sisi, Paris ina funzo kubwa zaidi kwa mwenye daraja la mawe, kwa kuwa ilitumia juu na chini kwa pamoja. Matao yamekuwa karakana za mafundi na maduka, kwa hiyo kuna wapangaji, na mpangaji anayedondokewa hapigi kimya. New York wana funzo la sheria: Marekani ina kanuni ya mwaka 1983 inayoruhusu njia ya reli kutumika kama njia ya miguu huku ikihifadhiwa kuwa reli endapo treni itahitajika tena. Bila hiyo, njia ikitangazwa kufa, ardhi ya chini inaweza kurudi kwa wenyewe vipande vipande, nanyi mkabaki na daraja lisilo na mahali pa kuanzia wala kuishia. Maliza hati kabla hujanunua hata mche mmoja.

Swali: Ukuta wa kinga wa daraja letu una kimo cha sentimita 80. Unatosha?

Hapana. Ulijengwa kwa ajili ya kokoto na gengi la njia, si kwa mtoto aliye juu ya baiskeli. Kanuni za Uingereza zinataka mita 1.4 penye baiskeli na mita 1.8 penye farasi. Ongeza uzio wa chuma, lakini usifungwe juu ya ukuta wa zamani: mawe ya juu yameshikwa na uzito wake tu, na mtu akiegemea, nondo inageuka mtaimbo wa kuyang'oa. Simamisha miguu ya uzio kwenye zege la sakafu, upande wa ndani, na kila mguu unapopita kwenye utando wa kuzuia maji uvalishwe kola iliyoungwa na utando. Mkisahau kola hizo, mtakuwa mmetoboa utando mpya mara mamia.